Kutoka gunzi la mahindi hadi ethanoli: mwongozo kamili wa kutumia vimeng'enya vya kuvu

Mavuno yakiisha Nyanda za Juu Kusini, karibu kila ua huwa na chungu ya magunzi. Mengine huishia jikoni kuchemshia maji ya kuoga, mengine hunyeshewa mpaka yakaoza. Ndani ya lile gunzi kavu kuna sukari, tena si haba. Zaidi ya theluthi ya uzito wake ni selulosi, yaani glukosi zilizoshikana minyororo mirefu, na karibu theluthi nyingine ni hemiselulosi, ambayo nayo imejengwa kwa sukari za aina nyingine. Ulimi hauzionji kwa sababu zimefungwa. Ng'ombe huzifungua kwa msaada wa vijidudu vya tumboni mwake. Sisi tutazifungua kwa kuvu.

Mwongozo huu ni wa maabara ya shule au chuo, au kikundi chenye mtu anayejua maabara. Tutaanza na nusu kilo ya magunzi makavu. Nakwambia mapema utakachopata: kazi ikienda vizuri, mwisho wake ni ethanoli, yaani spiriti, ya kujaza kikombe kimoja kidogo, vile vya kahawa chungu. Kidogo, ndiyo, lakini ukiwa na namba zote za njiani utajua ni wapi sukari yako ilipotelea, na hilo ndilo linalomwezesha mtu kwenda kwenye tani.

Wanafunzi wengi niliofanya nao kazi hii hutaka kukimbilia hamira na kukeneka (kuchemsha pombe na kupoza mvuke wake), kwa kuwa huko wanakujua. Mimi huwarudisha nyuma. Kiasi cha ethanoli huamuliwa siku nyingi kabla hamira haijaingia, kwenye kuosha magunzi na kwenye kukuza kuvu. Ndiyo maana sehemu hizo mbili nimezirefusha.

Kwanza elewa unachofungua

Fikiria nyumba ya fito na udongo. Fito ni selulosi. Kamba zinazofunga fito ni hemiselulosi. Udongo uliokandikwa juu ya vyote ni lignini. Kimeng'enya cha kuvu, yaani protini inayokata vitu vikubwa kuwa vidogo, kinataka kufika kwenye fito, lakini udongo umekizuia. Kwa hiyo kazi ni mbili: kubomoa udongo, kisha kukata fito.

Anayekata fito ni Trichoderma reesei. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mahema na nguo za pamba za jeshi la Marekani zilikuwa zikioza kwa kasi ya kutisha kwenye Visiwa vya Solomon. Watafiti wa jeshi wakaichukua kuvu iliyokuwa ikila turubai, wakaihifadhi kwa jina QM6a. Elwyn Reese na Mary Mandels waliichunguza kwa miaka mingi, na mwaka 1977 ikapewa jina la reesei kwa heshima ya Reese. Pamba ni selulosi karibu tupu. Kilichokula hema ndicho kitakachokula gunzi.

Kuvu hii haina meno. Inatema vimeng'enya nje ya mwili wake. Ichukulie selulosi kama mkufu mrefu wa shanga. Kimeng'enya cha kwanza, endoglukanasi, hukata mkufu katikati popote palipolegea. Cha pili, selobiohidrolasi, hushika ncha na kuchomoa shanga mbilimbili. Cha tatu, beta-glukosidasi, hutenganisha zile mbili zikawa glukosi mojamoja. T. reesei ni hodari kwa viwili vya kwanza na dhaifu kwa cha tatu. Shanga zikibaki mbilimbili hamira haizili, na zaidi ya hapo zinamzuia yule wa pili asiendelee. Ndiyo maana watu huongeza Aspergillus niger, ambayo hutoa beta-glukosidasi kwa wingi.

Vitu vya kuandaa

Utahitaji magunzi nusu kilo, pumba za ngano nusu kilo, soda kali (ile kostiki ya watengeneza sabuni) gramu 100, ndimu ya unga, hamira kavu ya mikate, presha kuka kubwa, sufuria ya chuma kisichoshika kutu, kipimajoto, karatasi za pH (za kupima uchachu), mizani inayosoma gramu moja kwa vitu vizito na nyingine inayosoma gramu 0.1 kwa chumvi, kitambaa cha kaniki au shuka safi la pamba, glavu za mpira na miwani ya kuzuia macho. Kwa kupima sukari tafuta kile kimashine cha wagonjwa wa kisukari na vijiti vyake. Kwa kukeneka utahitaji vyombo vya kioo vya maabara na jiko la umeme lisilo na moto wa wazi.

Kuvu yenyewe hupatikana kwenye benki za vijidudu. Rut-C30, aina iliyoboreshwa Chuo Kikuu cha Rutgers na kutoa vimeng'enya vingi kuliko mama yake QM6a, inatunzwa kwenye mkusanyiko wa ATCC, benki ya vijidudu ya Marekani, kwa namba 56765. Chuo ndicho kinachopaswa kuagiza, pamoja na vibali vya kuingiza kiumbe hai nchini. Ukishindwa, Trichoderma inayouzwa maduka ya pembejeo kwa ajili ya kukinga mizizi ya mimea huwa mara nyingi ni asperellum au harzianum. Hizo hutoa vimeng'enya vichache zaidi, lakini zinafundisha vizuri.

Usichukue ukungu wowote ulioukuta kwenye mahindi ukadhani utafaa. Ukungu wa kijani-njano kwenye mahindi unaweza kuwa Aspergillus flavus, mama wa sumukuvu. Mwaka 2004, mahindi yenye sumukuvu yaliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kwa sababu hiyohiyo, magunzi yenye ukungu yatupe kabla ya kusaga. Vumbi lake halifai kuingia mapafuni mwa mtu.

Anza na kuvu, magunzi yangoje

Kuvu inachukua karibu wiki mbili, magunzi siku mbili. Basi anza na kuvu.

Tengeneza chakula cha sahani: chemsha viazi ulaya gramu 200, chuja maji yake, ongeza glukosi gramu 20 na agari gramu 15, jaza maji mpaka lita moja. Pika kwenye presha kuka kwa dakika 20, mimina kwenye sahani za petri, na zikipoa panda kuvu. Kwenye nyuzi 28 itatandaa kama pamba nyeupe kwa siku mbili tatu, kisha itageuka kijani. Ule ukijani ndio mbegu zake. Ngoja sahani ijae kijani kabisa.

Sasa chakula cha kazi. Yeyusha kwenye lita moja ya maji: potasiamu dihidrojeni fosfeti gramu 2, salfeti ya amonia (SA ya wakulima, lakini ya maabara ni safi zaidi) gramu 1.4, urea gramu 0.3, magnesiamu salfeti gramu 0.3 na kalisi kloridi gramu 0.3. Huu ni msingi wa chumvi anazozijua kila mtu wa selulosi kwa jina la Mandels. Chukua mililita 900, changanya na pumba nusu kilo. Ukikamata konzi na kuibana kwa nguvu, maji yachungulie kati ya vidole bila kudondoka. Yakidondoka, bakteria watakutangulia. Pumba zikivunjika na kuwa vumbi, kuvu itakufa kiu.

Ongeza magunzi yaliyosagwa konzi moja. Hili si pambo. Kuvu haitengenezi vimeng'enya vya selulosi bila kuonja selulosi. Ikipewa sukari tupu hustarehe tu.

Gawa mchanganyiko kwenye vifurushi vidogo visivyozidi robo kilo, kwa maana joto haliingii haraka katikati ya pumba. Pika nyuzi 121 kwa dakika 45, uache upoe kabisa. Kisha mwaga maji yaliyochemshwa na kupoa kwenye sahani mbili au tatu za kijani, kwangua mbegu taratibu kwa kijiti safi, na mwagia kwenye pumba. Tandaza kwenye trei zilizosafishwa kwa spiriti, unene wa sentimita mbili hadi tatu tu, funika kwa kitambaa safi.

Joto liwe kati ya 28 na 30. Hapa ndipo watu wa nyanda za baridi tunapoumia. Iringa mwezi wa Juni usiku ni baridi ya kutetemesha, na trei iliyoachwa mezani hukaa siku kumi bila kubadilika. Mimi hutumia boksi la mbao lenye balbu ya wati 40, mtindo uleule wa kulelea vifaranga, na bakuli la maji ndani ili hewa isikauke. Watu wa Tanga na Mombasa wana tatizo la kinyume: pumba zenyewe hutoa joto zinapoliwa, na katikati ya trei nene huweza kupita nyuzi 37, kuvu ikachoka. Kwao unene wa sentimita mbili unatosha.

Chunguza kila siku kwa macho na pua. Siku ya pili utaona utando mweupe. T. reesei hutoa rangi ya manjano inayopenya mpaka chini ya trei. Usiogope, ni yake. Aina nyingi za Trichoderma, hasa hizi za pembejeo, hutoa harufu ya nazi iliyokunwa, na ukiinusa mara moja hutaisahau. Vichwa vyeusi kama vya pini ni Rhizopus wa mkate. Rangi ya chungwa inayoenea kwa siku moja ni Neurospora. Utelezi na harufu ya kuoza ni bakteria. Vyote hivyo, pika trei tena kwenye presha kuka halafu tupa, bila huruma.

Siku ya tano hadi ya saba vuna. Usingoje ijae kijani. Mbegu zikishakuwa nyingi unavuna vumbi badala ya vimeng'enya. Vaa barakoa.

Kubomoa udongo: soda

Trei zikiwa kwenye siku ya nne, shughulikia magunzi. Yakaushe juani, yasage kwenye mashine ya kusaga mpaka yawe chembe za milimita moja au mbili, kama unga wa dona uliosagwa ovyo. Pima gramu 500.

Weka maji lita 5 kwenye sufuria, mwagia soda kali gramu 100 kidogokidogo huku ukikoroga. Soda ndiyo inayoingia kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya soda yatachemka ghafla na kukurukia. Glavu na miwani vivaliwe tangu mwanzo. Ikikugusa ngozi, suuza kwa maji mengi yanayotiririka kwa robo saa na zaidi.

Sasa kuhusu sufuria. Mara ya kwanza nilitumia sufuria ya aluminiamu, ya kawaida kama iliyopo kila nyumba. Kabla gunzi halijachemka, povu la kijivu lilikuwa limepanda hadi ukingoni, na kwenye ukuta wa sufuria vipovu vilikuwa vikichomoka kama vya soda iliyofunguliwa. Soda kali hula aluminiamu na kutoa hidrojeni, gesi inayolipuka, nami nilikuwa na jiko la mkaa chini yake. Nilizima, nikafungua madirisha, nikawatoa wanafunzi nje. Sufuria ilipooshwa ilikuwa imetoboka. Tumia chuma kisichoshika kutu au enameli isiyo na nyufa, basi.

Mimina magunzi, chemsha kwa saa mbili kwenye nyuzi 95 hadi 100 ukikoroga kila baada ya dakika chache. Ukiwa na presha kuka ya chuma kisichoshika kutu, dakika 45 kwenye 121 zinatosha. Maji yatageuka rangi ya kahawa nzito: huo ndio udongo ukibomoka, lignini iliyoyeyuka. Umeambatana na sehemu ya kamba, yaani hemiselulosi, na hasara hiyo tunaikubali kwa sasa.

Watu huniuliza kama magadi yanaweza kuchukua nafasi ya soda kali. Magadi yanalainisha maharage, lakini ni dhaifu mno kwa lignini ya gunzi.

Ipo njia isiyo na kemikali. Uyoga wa mamama hula lignini. Mkulima wa uyoga akishavuna, mifuko iliyobaki ina mabua na magunzi ambayo udongo wake umeshaliwa kwa sehemu. Kausha, saga, endelea. Kasoro yake ni muda wa wiki kadhaa, na uyoga nao hujipatia sukari yake humohumo. Kama una jirani anayelima mamama, jaribu zote mbili kwa pamoja ulinganishe. Mimi napenda sana zoezi hilo kwa wanafunzi.

Kuosha

Hapa ndipo kazi nyingi hufia. Mwaga mchanganyiko kwenye kitambaa, kamua. Rudisha nyuzinyuzi za magunzi kwenye ndoo, weka maji lita 5, koroga, kamua tena. Mara ya kwanza maji yatatoka meusi, ya pili rangi ya chai ya rangi, ya tatu na ya nne yatapauka. Wengi huacha hapo, kwa kuwa macho yameridhika. Usiache. Chovya karatasi ya pH: bado itasoma 10 au 11. Soda imejificha ndani ya nyuzi na inatoka polepole. Loweka nusu saa, kamua, rudia. Kwangu huchukua suuza sita hadi nane. Ya mwisho itie kijiko cha ndimu ya unga, uhakikishe pH imekaa kati ya 5 na 6.

Vimeng'enya vya kuvu hufanya kazi kwenye pH 4.8 hadi 5. Vikikutana na pH 9 ndani ya unyuzi havipungui kasi tu, vinaharibika, na huwezi kuvifufua. Kikundi kimoja kilipoteza wiki mbili za kukuza kuvu kwa sababu ya suuza mbili ambazo hazikufanyika, na hakuna kitu kwenye chombo kilichoonyesha kosa ila siku ya pili kipimo cha sukari hakikusogea.

Kamua kwa nguvu zote. Pima uzito wa bonge lote, kisha chukua gramu 10, zikaushe kwenye oveni nyuzi 105 usiku kucha, upime tena. Hapo utajua bonge lako lina nyuzi kavu kiasi gani. Kutoka gramu 500 za magunzi tegemea karibu gramu 300 kavu, na zaidi ya nusu yake ni selulosi, tuseme gramu 170. Andika. Hesabu zote za mbele zinategemea namba hii.

Yale maji meusi usiyamwage mtoni wala shambani. Yatunze kwenye ndoo yenye mfuniko. Ya kwanza waweza kuyatumia tena kwa bonge jingine ukiongeza soda kidogo. Ya kutupa, punguza ukali wake kwa asidi mpaka pH 7 na ufuate utaratibu wa maabara wa taka.

Kukamua vimeng'enya na kuvipima

Tengeneza bafa, kimiminika kinachozuia pH isiyumbe: ndimu ya unga gramu 10.5 kwa lita moja ya maji, kisha dondosha soda kali iliyoyeyushwa mpaka pH ifike 4.8. Tengeneza lita 2.5. Changanya na pumba zote zenye kuvu, koroga taratibu saa moja kwenye joto la chumba, kamua kwa kitambaa. Utapata lita 2 na ushei za maji ya manjano yenye ukungukungu. Hayo ndiyo vimeng'enya. Yaweke kwenye friji na uyatumie siku ileile au kesho yake. Usiyachemshe kamwe.

Kabla ya kuyamwaga kwenye nyuzi ulizozihangaikia, yapime. Chukua mirija miwili ya majaribio. Mmoja tia mililita 0.5 za vimeng'enya, mwingine tia kiasi hichohicho kilichochemshwa dakika 10 na hivyo kufa. Ongeza mililita moja ya bafa kila mmoja, tumbukiza kipande cha karatasi ya chujio ya Whatman namba 1 chenye upana wa sentimita 1 na urefu wa 6, ambacho uzito wake ni miligramu 50. Acha kwenye nyuzi 50 saa moja, upime glukosi. Kipimo cha kimataifa cha nguvu ya selulasi (vimeng'enya vya kukata selulosi) kimejengwa juu ya jaribio hilihili: vimeng'enya vilivyozimuliwa mpaka vinatoa miligramu 2 za glukosi kwa saa hiyo moja huhesabiwa kuwa na yuniti 0.37 kwa mililita. Maabara rasmi hupima kwa kemikali ya DNS na mashine ya kusoma rangi. Sisi tunaweza kupata makadirio kwa kimashine cha kisukari.

Kimashine hicho kimetengenezwa kwa damu, si kwa maji, kwa hiyo kifundishe kwanza: yeyusha glukosi ya kiasi unachokijua, gramu 1, 2 na 3 kwa lita, uone kinasoma nini. Gramu 1 kwa lita ni sawa na 5.55 mmol/L. Chora mstari, utumie mstari huo. Baadhi ya vijiti hudanganywa na zailosi, sukari ya hemiselulosi. Vijaribu pia kwa zailosi tupu kama maabara inayo. Mirija ile miwili ukiiacha hadi asubuhi, kwenye ule hai karatasi itakuwa imelegea na kuvunjikavunjika, na kwenye ule mfu itakuwa nzima. Hakuna somo la vimeng'enya linaloingia kichwani haraka kama hilo.

Lengo ni yuniti 15 kwa kila gramu ya selulosi. Gramu 170 zinataka yuniti 2,550. Pumba nusu kilo zikitoa yuniti 5 na ushei kwa gramu, umetosha. Zikitoa pungufu, punguza nyuzinyuzi za magunzi, usipunguze vimeng'enya.

Siku tatu za nyuzi 50

Chemsha nyuzi zilizooshwa dakika 20 kuua bakteria, ziache zipoe hadi 50, changanya na vimeng'enya. Hakikisha pH ni 4.8 hadi 5. Chukua kipimo cha sukari saa sifuri, kwa kuwa pumba nazo huja na sukari yake.

Nyuzi 50 zikae 50. Kwenye 60 vimeng'enya hufa ndani ya saa chache. Kwenye 35 hufanya kazi kwa uvivu na bakteria wa kuchachisha huingia. Bafu la maji la maabara ndilo bora. Bila hilo, kisanduku kinene cha kutunzia barafu, kikiwa na chupa za maji ya moto zinazobadilishwa kila saa chache, kinafanya kazi, ila mpange zamu za usiku. Koroga kila saa mbili mchana.

Mwanzo ni uji mzito unaosimamisha mwiko. Baada ya saa 12 hadi 24 mwiko unaanguka, na uji unakuwa maji yenye mchanga laini chini. Pima saa 24, 48 na 72, ukizimua mara 20 kabla ya kuweka kwenye kijiti. Kila gramu ya selulosi ikivunjika hutoa gramu 1.11 za glukosi, kwa sababu kila shanga huongezewa chembe ya maji. Ukivunja asilimia 70 ya gramu 170 una gramu 132 za glukosi, karibu gramu 40 kwa lita. Kipimo kikisimama mapema, mtuhumiwa wa kwanza ni beta-glukosidasi. Safari ijayo kuza trei moja ya pumba kwa Aspergillus niger kutoka benki ya vijidudu na uongeze maji yake. pH ikishuka chini ya 4.3 na harufu ikawa ya maziwa mgando, bakteria wameila sukari kabla ya hamira.

Hamira

Sehemu hii ni nyepesi. Poza hadi nyuzi 32, amsha gramu 10 za hamira kwenye maji ya vuguvugu, mwaga, funga chombo kwa mfuniko wenye mrija unaotumbukia kwenye glasi ya maji. Saa 36 hadi 48. Weka chombo kizima juu ya mizani mwanzo na mwisho: kila gramu ya hewa ukaa iliyotoroka ina karibu gramu 1.05 za ethanoli iliyobaki. Uzito ukipungua gramu 56, una gramu 59 za ethanoli, ambazo ni kama mililita 74. Hamira ya mikate haili zailosi. Hamira nyingine, Scheffersomyces stipitis, inaila, lakini hiyo ni kazi ya awamu nyingine.

Kukeneka

Kabla ya kuwasha jiko, fahamu kwamba Tanzania na Kenya zote mbili hudai leseni kwa kukeneka pombe, na mtu mwenye vyombo hivi nyumbani ataonekana anapika gongo au chang'aa. Fanya ndani ya taasisi, kwa ruhusa ya maandishi. Kimiminika hiki kimepita kwenye soda, ukungu na chumvi za maabara. Hakinyweki, na wala kisiandaliwe kana kwamba kitanyweka.

Hakuna moto wa wazi chumbani. Mvuke wa ethanoli hushika moto hata kwenye joto la kawaida la chumba, na mwali wake ni wa bluu hafifu usioonekana vizuri mchana. Chombo cha kupokea kikae kwenye maji baridi, na mfumo usizibwe popote.

Chuja kwanza. Mzunguko wa kwanza, kusanya mililita 650 za mwanzo. Karibu ethanoli yote imo humo. Mzunguko wa pili tumia mnara uliojazwa shanga za kioo, kusanya mvuke ukiwa nyuzi 78 hadi 82. Ethanoli huchemka kwenye 78.4, na hata ukikeneka mara mia hutavuka asilimia 95.6 kwa uzito, kwa kuwa hapo maji na ethanoli hupanda pamoja. Kwa jiko la spiriti asilimia 85 hadi 90 inatosha. Ya kuchanganya na petroli lazima ikaushwe kabisa kwa zeolaiti ya 3A (punje zinazonyonya maji), la sivyo maji yatajitenga chini ya tangi. Pima kwa uzito: mililita 10 zikiwa na gramu 8.6 una asilimia 80 kwa ujazo, zikiwa na 8.3 una 90. Kisha itie rangi na kikali cha uchungu ili asiwepo wa kuijaribu.

Hesabu bila kujidanganya

Kikombe chako cha kahawa kitachemsha lita moja na nusu hivi ya maji. Kuchemsha soda peke yake kulikula moto mwingi kuliko huo. Kwa kipimo cha maabara unapoteza nishati, na anayekwambia utaendesha pikipiki kwa magunzi ya uani anakudanganya.

Hata wakubwa wamejikwaa. Kiwanda cha Crescentino, Italia, kilifunguliwa mwaka 2013 na kusimama mwaka 2017 kabla ya kupata mmiliki mwingine. Cha DuPont huko Nevada, jimbo la Iowa, kilichotumia mabua ya mahindi, kilifunguliwa 2015 na uzalishaji ukasitishwa 2017. Brazil wameendelea na makapi ya miwa, na sababu inaonekana ukisimama kiwandani: makapi yameshafika, yameshasagwa, na mvuke upo. Kwetu viwanda vya sukari vina hali hiyohiyo, na Kilombero tayari wanakeneka spiriti kutokana na molasi. Mashamba ya mkonge nayo: nyuzi tunazovuna ni karibu asilimia 4 tu ya uzito wa jani, na mengine yote hubaki pale kwenye korona, mashine ya kuchambulia mkonge. Kikundi kinachotaka kwenda mbali kijaribu mabaki hayo kwa hatua hizihizi, kikianza na gramu 50.

Kwenye chujio utabaki na tope la kahawia: lignini, nyuzi zilizokaidi na miili ya hamira. Liunde vidonge vya ukubwa wa andazi, anika siku tatu juani. Vipime uzito uandike daftarini, kisha vitumie kuwashia jiko la kuchemshia soda ya bonge linalofuata.